Asili ya ukoo wako: umuulize mzee, upime Y, mitokondria, au vinasaba vyote?

Desemba iliyopita, siku mbili baada ya Krismasi, tulikaa kihambani kwetu Machame, yaani kwenye shamba la ukoo, watoto wa baba mkubwa na watoto wa baba wadogo, na ubishi ukaanza pale unapoanzia kila mwaka: ukoo wetu umetoka wapi. Baba mkubwa anasema Ukambani. Shangazi anasema bibi yake alimwambia Usambara, na habari za Ukambani hataki kuzisikia. Safari hii mdogo wangu anayefanya kazi Dar alikuja na jipya: tuchange, tuagize kipimo cha DNA, ubishi uishe. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa baiolojia, macho yote yakanigeukia. "Mwalimu, tuambie tununue kipi."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu vipimo vya DNA vya kutafuta asili viko vitatu, na kila kimoja hufuata njia yake ndani ya mwili. Njia ya nne haihitaji maabara kabisa. Tangu turudi mjini Moshi nimeulizwa swali hilo hilo na wazazi shuleni na majirani, ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

## Vigezo vya kuchagulia

Cha kwanza ni swali lenyewe. "Nimetoka wapi" ni maswali mengi yaliyovaa kanzu moja. Mmoja anataka jina la baba wa babu yake. Mwingine anataka kujua kama akina fulani wa Rombo ni ndugu zake kweli. Wa tatu anataka kujua binadamu walitawanyika vipi duniani. Hakuna kipimo kinachowajibu wote watatu.

Cha pili ni umbali unaotaka kurudi nyuma: miaka mia, miaka elfu, au malaki ya miaka. Cha tatu ni nani aliye tayari na anayeweza kutoa sampuli, maana kuna kipimo ambacho mwanamke hawezi kukifanya kwa mate yake. Cha nne ni kile kinachoweza kufichuka bila kuulizwa, pamoja na fedha, siri na sheria.

Ili vigezo hivi vieleweke, kanuni moja ikae kichwani. Vinasaba vya binadamu vina herufi yapata bilioni tatu, na kila zinaponakiliwa makosa machache hupita. Mtoto huzaliwa na makosa mapya yapatayo 70 ambayo baba hana wala mama hana, na akikua anawarithisha wanawe baadhi yake. Watu wawili wakikutwa na kosa lile lile la nadra, mahali fulani huko nyuma wana mzazi mmoja. Kanuni hii ndiyo inayounganisha watoto wa baba mkubwa na mdogo, na ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha kwamba njia yetu na ya sokwe mtu ziliachana miaka kama milioni sita au saba iliyopita.

Lakini vinasaba navyo huoza. Nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.66, na fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 lina miaka milioni 1.75. Humo hamjasomwa herufi hata moja ya DNA. Joto letu halitunzi. Vinasaba vya kale zaidi vya binadamu vilivyosomwa kusini mwa Sahara, vikiwemo vya hapa Tanzania, ni vya miaka kama 18,000. Kinachobaki, tunakibeba sisi tulio hai.

## Wazee, makaburi na vitabu vya ubatizo

Inajibu nini. Majina, sababu na mapito. Kwa nini babu alihama, alimkimbia nani, alipokelewa na nani, alilipa nini ili apewe kihamba. Maabara hata iwe ya nchi gani haiwezi kukupa hayo.

Inafika wapi. Mzee makini wa kwetu anahesabu vizazi sita mpaka kumi. Ukikadiria miaka 25 kwa kizazi, ni kati ya miaka 150 na 250. Makaburi ya kihambani yanashikilia vizazi vya karibu, na kanisa linasaidia kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, hivyo palipo na kitabu cha ubatizo kilichotunzwa unaweza kukuta jina la babu wa babu. Nilipoonyeshwa kimoja, wino umegeuka kahawia na mwandiko ni wa Kijerumani, ule wa kulalia upande. Uchagga umeandikwa "Dschagga". Ilinichukua nusu saa kusoma mstari mmoja: jina la mtoto, jina la baba, mtaa. Jina la mama lilikuwepo pia, limebanwa pembeni. Ndiyo mara ya kwanza nikalijua.

Inapokwama. Kumbukumbu hukunja vizazi. Mababu wawili wenye jina moja wanakuwa mtu mmoja, na kwa kuwa sisi tunawarithisha wajukuu majina ya babu zao, jambo hilo ni rahisi kutokea. Kumbukumbu pia huficha. Mtoto aliyeokotwa vitani, mgeni aliyepewa jina la ukoo kwa sababu alikuwa mpiganaji mzuri, mama aliyekuja na mimba: wazee wanajua, ila hawasemi mbele ya vijana. Na ukoo ukihesabiwa kwa wanaume, wanawake wanapotea. Mimi nina majina manane ya wanaume kwa mpangilio. Kwa upande wa mama, mama wa mama, na mama yake, nina matatu, na moja kati ya hayo nimelipata kwenye ule mstari wa pembeni.

Inamfaa nani. Mwenye mzee hai. Gharama yake ni nauli, kilo ya sukari na simu ya kurekodia sauti. Ni njia pekee kati ya hizi nne ambayo ina siku ya mwisho wa matumizi.

## Kromosomu Y: njia ya baba

Inajibu nini. Y ni mojawapo ya kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba ndani ya seli. Hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na sehemu yake kubwa haichanganyiki na kitu kutoka kwa mama. Kwa hiyo inasafiri bega kwa bega na jina la ukoo. Wanaume wawili wenye jina moja, mmoja Machame na mwingine Rombo, wakitaka kujua kama wana babu mmoja, hiki ndicho kipimo chao.

Inafika wapi. Mbali mno. Wanaume wanaorithi makosa yale yale ya kunakili huhesabiwa tawi moja la Y. Mwaka 2013 watafiti walitangaza tawi la kale kuliko yote yaliyokuwa yakijulikana, walilolipata kwa Mmarekani mweusi wa South Carolina. Wanaume wengine wenye tawi hilo walipatikana kwa Wambo wa Kameruni. Hapa kwetu wanaume wengi wanabeba matawi ya kundi ambalo wanasayansi huliita E. Kuna lile lililosambaa na wakulima wenye lugha za Kibantu, waliotoka kwenye mpaka wa Nijeria na Kameruni miaka elfu nne au tano iliyopita. Kuna jingine liitwalo M293, ambalo utafiti wa mwaka 2008 ulilihusisha na wafugaji waliotoka pande za Tanzania kwenda kusini mwa Afrika miaka kama 2,000 iliyopita.

Inapokwama. Hapa ndipo nililazimika kuwakatisha tamaa ndugu zangu. Mkamba, Msambaa na Mchagga wanaweza wote kuwa na tawi lile lile la wakulima wa Kibantu, na ripoti fupi itaishia hapo. Ili ubishi wa baba mkubwa na shangazi uamuliwe, ingebidi Y yetu isomwe kwa kina, halafu ilinganishwe na za wanaume wa Ukambani na Usambara waliosomwa kwa kina hicho hicho.

Y pia haitaji mtu, inataja mstari. Mwaka 1998 kipimo kilionyesha kwamba uzao wa Eston Hemings, mtoto wa mtumwa Sally Hemings, una Y ya ukoo wa rais Thomas Jefferson wa Marekani. Y peke yake isingeweza kusema ni Jefferson yupi. Wanahistoria wakarudi kwenye barua na tarehe ndipo wakamwelekea Thomas mwenyewe.

Kwetu kuna jambo linalofanana na hilo. Zamani mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na watoto waliofuata waliitwa wa marehemu. Y haitaona tofauti yoyote, kwa sababu ndugu wawili wa baba mmoja wana Y moja. Lakini mtoto aliyeingia kwenye ukoo akiwa mgongoni mwa mama yake ataonekana mara moja, hata kama vizazi vitano vimemzika kwa heshima ndani ya kihamba.

Inamfaa nani. Mwanaume anayefuatilia jina la ukoo. Mwanamke amwombe baba, kaka au mtoto wa kaka yake. Asimpime mwanawe wa kiume; yule amebeba Y ya ukoo wa mumewe. Kosa hili nimeshaliona likitendeka, na fedha ikapotea.

## Mitokondria: njia ya mama

Inajibu nini. Nje ya kiini cha seli kuna mitokondria, vijinyumba vya nishati vyenye vinasaba vyao vidogo, herufi 16,569 tu. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, ila ni binti tu anayezipitisha mbele. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupimwa, na jibu litamhusu mama, mama wa mama, na mama wa huyo, mstari mmoja mwembamba kurudi nyuma.

Inafika wapi. Mwaka 1987 Rebecca Cann na wenzake walionyesha kwamba mistari yote ya mama duniani inakutana kwa mwanamke mmoja wa Afrika wa miaka kama 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake. Mistari ya wenzake ilikatika kila palipokosekana binti. Matawi makubwa ya Afrika huitwa L, na L3 ndiyo iliyowazaa M na N, mama wa karibu watu wote wa mabara mengine. Mchina na Mwingereza ni wajukuu wa L3. Nikilisema hili darasani, wanafunzi huwa wananyamaza kidogo.

Inapokwama. Herufi ni chache, hivyo mabadiliko huja polepole. Watu wawili wenye mitokondria sawa wanaweza kuwa na bibi mmoja wa juzi, au wa miaka elfu kadhaa. Kwa kuwa mke ndiye anayehamia kwa mume, kihamba kimoja kinaweza kuwa na matawi mengi ya mama, kutoka Upare, Umasaini, Uru na kwingine, na ripoti haitakutajia hata kijiji kimoja.

Thamani yake huonekana ukiiweka kando ya Y. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, miongoni mwake Kilwa na Songo Mnara. Asili yao ya Kiafrika ilipitia zaidi kwa mama, na ile ya Asia ilipitia zaidi kwa wanaume wa Uajemi, wakianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Ungempima mwanaume mmoja wa uzao huo Y peke yake, ungemwita Mwajemi. Ungempima mitokondria peke yake, ungesema hajawahi kuchanganyika na mgeni.

Mfano wa pili ni wa kifalme. Mifupa ya Richard III wa Uingereza, aliyeuawa mwaka 1485, ilifukuliwa Leicester mwaka 2012. Mitokondria yake ililingana na ya watu walio hai wa uzao wa dada yake. Y yake haikulingana na ya wanaume ambao vitabu viliwaita wa ukoo wake. Mahali fulani katika vizazi hivyo baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Ikiwa ukoo wa wafalme uliokuwa na waandishi wa kulipwa una tundu, basi kabla ya kupima, jiandae na la kwako.

Inamfaa nani. Anayetaka kuwarudisha wanawake kwenye hadithi, na anayependa kujua safari ya kale ya binadamu. Asiyependa majibu ya "miaka elfu kadhaa" asiinunue.

## Vinasaba vyote: pande zote, lakini kwa karibu

Inajibu nini. Hiki ndicho kinachotangazwa zaidi: unatema mate kwenye kichupa, unapewa asilimia za asili yako na orodha ya ndugu. Kinasoma jozi 22 za kromosomu ulizopewa na baba na mama kwa pamoja, kwa hiyo hakimbagui mtu kwa jinsia wala kwa upande.

Inafika wapi. Nusu kwa kila mzazi, kama robo kwa kila babu au bibi, na kadiri unavyorudi ndivyo kipande kinavyopungua. Watoto wa ndugu wawili wanashirikiana kama asilimia 12.5. Wajukuu wa watu hao wanashirikiana chini ya asilimia moja, na wachache wao hawaonekani kabisa kuwa ndugu ingawa ni ndugu kweli. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na wengi wao hawajakuachia hata kipande. Kwa ndugu wa karibu kipimo hiki ni imara sana. Kikivuka miaka mia mbili kinalegea.

Inapokwama. Zile asilimia. Kampuni hulinganisha vinasaba vyako na vya watu wa leo iliowakusanya, na Afrika ndiyo iliyokusanywa kidogo kuliko zote. Mtu wa Moshi anaweza kulipa na kuambiwa yeye ni wa "Afrika Mashariki", jambo ambalo anaweza kulithibitisha kwa kufungua dirisha. Kampuni nyingine itampa asilimia tofauti kwa mate yale yale. Orodha ya ndugu nayo ina waliojipima tu. Wengi wako Marekani, na shangazi yako wa Kibosho hayumo.

Lakini kwa wanasayansi vinasaba hivi ni hazina. Mwaka 2009 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff ilichapisha matokeo ya jamii 121 za Afrika na kuziona asili 14, huku watu wengi wakiwa na mchanganyiko wa zaidi ya moja. Mtoto wa kike aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, miaka kama 3,100 iliyopita, alikuwa na karibu asilimia 38 ya asili inayohusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Wafugaji walishafika huku na kuchanganyika kabla jina Mchagga halijasikika. Na maziwa! Mwaka 2007 timu ya Tishkoff hiyo hiyo ilionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa katika Tanzania na Kenya umetokana na badiliko la herufi moja, tofauti na lile la Ulaya, lililoenea ndani ya miaka elfu chache kwa sababu aliyekuwa nalo alipona njaa na kulea watoto. Anayedhani mageuko ya viumbe ni habari ya mafuvu tu, amwangalie Mmasai akimaliza kibuyu.

Inamfaa nani. Anayemtafuta ndugu wa karibu aliyepotea, hasa mwenye familia iliyohamia nje, na mtu aliyelelewa bila kumjua mzazi mmoja.

## Fedha, siri na sheria

Hili linavihusu vipimo vyote vitatu. Kusoma Y kwa kina huwa ndiko ghali zaidi, na kipimo cha vinasaba vyote huwa ndicho nafuu. Hesabu pia usafirishaji.

Mate yako yana habari za ndugu zako ambao hawakuulizwa. Mwaka 2023 wadukuzi walichota taarifa za watu wapatao milioni 6.9 kutoka kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Nywila utabadilisha, vinasaba hutabadilisha.

Tanzania ina sheria ya udhibiti wa vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Arusha. Kabla hujatuma mate nje ya nchi, pita pale uulize masharti ya kibali. Na kama swali lako ni la baba wa mtoto, matunzo au mirathi, achana na vichupa vya mtandaoni. Nenda ustawi wa jamii au kwa wakili, wakuelekeze kwa Mkemia Mkuu. Hilo ni suala la kisheria na lina utaratibu wake.

## Uchague kwa hali yako

Mzee yuko hai na ana kumbukumbu: nenda kwake kwanza, hata kama fedha ya kipimo unayo. Kipimo kitakusubiri.

Wazee wamekwisha na unachotaka ni kujua kama koo mbili zenye jina moja ni moja: Y, kwa wanaume wawili walio mbali kadiri inavyowezekana kwenye mti wa ukoo, na wapime kwa kina cha kutosha. Wakipima sehemu chache tu za Y, watapata jibu la "labda".

Unataka upande wa mama usisahaulike: mitokondria, pamoja na kuandika majina ya bibi zako wakati bado kuna anayeyakumbuka.

Hujui mzazi wako, au babu yako alienda ughaibuni hakurudi: vinasaba vyote, kisha uwe na subira na orodha ya ndugu.

Unapenda historia ya binadamu tu na huna haja na jina lako humo: usilipe chochote. Panda basi uende Arusha, Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Wajerumani, ukaone habari za Laetoli na Olduvai kwa kiingilio kidogo.

Na kama ndani ya familia kuna jambo linalonong'onwa, msipime mpaka anayehusika akubali kwa kinywa chake.

Sisi tumegawanya. Mchango wa kwanza umemnunulia baba mkubwa kinasa sauti, na amesharekodi saa tatu za Ukambani. Shangazi naye ameomba siku yake. Mimi nimejiandikisha kwa mitokondria, kwa ajili ya lile jina la pembeni kwenye kitabu. Kwa Y, kaka yangu amekubali. Ili jibu liwe na maana tulimwomba pia kijana mmoja wa nyumba ya chini apime. Alinyamaza, akasema atatujibu akishazungumza na mama yake. Kipimo chake bado hatujakiagiza.